Umepangiwa CT ya mishipa ya moyo na figo? Jitayarishe hivi

Kwenye chumba chetu cha CT, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, mimi ndiye ninayesema "vuta pumzi, ibane". Nikueleze sasa, maana ukishalala kitandani maneno mengi hayana nafasi.

Mshipa wa figo ukiwa mwembamba, presha hupanda ikakaidi vidonge; ndiyo maana tunauangalia. Lakini dawa inayoing'arisha mishipa kwenye picha ina iodini, na figo hizo hizo ndizo za kuitoa. Njoo na majibu mapya ya kriatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Unayetoka Wete au Mkoani, pima huko huko Pemba. Kuvuka bahari ukaambiwa uanzie maabara ni adha tupu. Figo zikiwa dhaifu, daktari anaweza kuanza na altrasaundi ya Dopla, inayopima mwendo wa damu bila dawa hiyo. Unayemeza metformini, dawa ya kisukari, sema, wala usiiache kwa shauri lako.

Wengi huniambia: "Mwanangu, mimi kamba na pweza vinanidhuru, iodini sitaiweza." Mzio huo unatokana na protini ya nyama yake, si iodini. Ninalotaka kujua ni kama umewahi kudungwa dawa hii ukawashwa, ukavimba au ukabanwa na pumzi. Pumu nayo itaje.

Moyo ndio wenye kazi, kwa sababu hautulii. Mishipa yake ina upana wa milimita chache tu, kwa hiyo tunataka mapigo yakaribie 60 kwa dakika, la sivyo picha inatoka na ukungu. Tangu jana yake acha kahawa. Najua, Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, watakuulizia. Chai na kola pia. Mapigo yasiposhuka, utapewa dawa ya kuyatuliza, na hapo ndipo habari ya pumu inapotuhusu zaidi, maana dawa hiyo huweza kumbana pumzi mwenye pumu.

Kisha huwekwa dawa chini ya ulimi, kutanua mishipa. Hapa wazee hunificha: kama umemeza vidonge vya nguvu za kiume ndani ya siku 2, sema, hata kwa kunong'ona. Vikikutana na dawa hii presha huporomoka vibaya.

Nyumbani jizoeze kubana pumzi sekunde 10 hadi 15 bila kutikisika. Dawa ya kung'arisha mishipa ikiingia utahisi joto mwili mzima, na utadhani umejikojolea. Hujajikojolea, usiinuke kuangalia.

Tukimaliza, kaa nusu saa nje, kanula, kile kimrija kilichoingiza dawa mshipani, ikiwa bado mkononi. Kunywa maji, isipokuwa daktari wako amekupimia kiasi, ndipo utafute gari la bandarini.