Kununua kompyuta za shule Kisumu mfuko ukiwa mwepesi

Bei ya mashine ndiyo huwavuta wengi, ila gharama hujificha kwingine. Omba kwotesheni kwa wauzaji wasiopungua 3, kila mmoja atenganishe mashine, leseni, usafirishaji na mafunzo. Anayeleta jumla moja tu, mrudishie karatasi yake.

Laptopu zilizotumika zinafaa, mradi uzikague. Iletwe moja shuleni kabla hamjalipa. Chomoa chaja, cheza video saa 1. Ikizima kabla ya hapo, betri imechoka, dai mpya. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, na RAM, kumbukumbu ya kazi, iwe GB 8. Hakikisha prosesa, chipu inayoendesha mashine, inakubali Windows 11, maana Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 2025. Isipokubali, weka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, haina ada.

Stima ikipotea, kompyuta za mezani zisizo na betri ya akiba huzima papo hapo na kazi ya wanafunzi isiyohifadhiwa ikaenda nazo; laptopu huendelea kwa betri yake.

Dhamana iandikwe: miezi mingapi, na nani atalipa nauli mashine ikipelekwa Nairobi kutengenezwa. Fundi aliye Kisumu au Kakamega anashinda punguzo dogo la bei. Malipo ya mwisho yabaki mkononi mwenu hadi mashine zote ziwake darasani.