Kidole kilichoteguka: usikimbilie kuvuta

Wavuvi wanaotufikia kutoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, mara nyingi kidole kimeshavutwa na mwenzao mtumbwini. Kamba ya nyavu imekinasa, kimeruka, mwenzake kashika ncha akavuta. Nawaandikia matabibu wenzangu wa zahanati za ziwani, ambako mgonjwa huyu huanzia.

1. Vua pete sasa hivi. Baada ya saa moja utaikata.

2. Pima kabla ya ganzi. Gusa kwa pamba pande zote mbili za kidole: anahisi? Bonyeza ukucha, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ukishachoma sindano, hutajua tena kama neva iliumia ziwani au mikononi mwako.

3. Eksirei ya mbele na ya ubavu. Ya ubavu ndiyo inayosema kweli, ila vidole vingine vikunjwe visikifunike. Tafuta kipande cha mfupa kilichomeguka.

4. Kinachoteguka zaidi ni kiungo cha kati, pingili ikipanda upande wa mgongo wa mkono. Choma lidokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 1, mililita 1 hadi 1.5 kila upande wa shina la kidole, usubiri dakika 5 hadi 10. Kisha zidisha kidogo upinde uliopo, yaani kirudishe nyuma, na kwa gumba lako sukuma shina la pingili ya kati mbele mpaka liteleze mahali pake, ndipo ukikunje. Kazi ni ya gumba. Ukivuta tu kwa nguvu, utando mgumu wa upande wa kiganja unaweza kunaswa ndani ya kiungo, na hapo hata mabaunsa wawili hawakirudishi.

5. Akikunje na kukinyoosha mwenyewe. Akishindwa kunyoosha kiungo cha kati, shuku kano ya juu imekatika. Rudia eksirei. Kikiwa imara, kifunge na jirani yake kwa plasta wiki 3 hadi 6, aanze kukikunja mapema. Banzi la muda mrefu hukakamaza kiungo, na mvuvi asiyefunga ngumi hashiki kamba.

Vingine sivigusi: pingili iliyoruka kuelekea kiganjani, kifundo cha ngumi ambacho ngozi ya kiganja imebonyea kama kishimo, na jeraha lililo wazi. Hilo la mwisho lioshe kwa maji mengi safi, anza antibiotiki, mpe chanjo ya pepopunda, funika, mpeleke hospitali ya Sekou Toure au Bugando, Mwanza. Usilishone: lina maji ya ziwa na magamba ya sangara ndani yake.