Kabla hujagusa patisheni za kompyuta yenye Windows na Ubuntu

Patisheni ni vile vipande ambavyo diski moja imegawanywa, kama C na D za Windows. Kabla ya kuzigusa, kwanza hakikisha kuna kitu cha kutengeneza. Mtu anawasha Ubuntu, anafungua diski ya Windows, anasoma faili vizuri ila akitaka kuandika inagoma, basi keshatangaza diski imekufa. Haijafa. Ile hali ya Windows ya kuwaka haraka (Fast Startup) huifanya isizime kabisa, inalala tu, na Ubuntu haitaki kumwandikia aliyelala. Rudi Windows, iondoe hali hiyo, zima upya. Saa kupishana kwa saa tatu nako hakuhusiani na patisheni: Windows huhifadhi saa ya hapa Dar, Ubuntu inaichukulia kuwa ya Greenwich na kuongeza tatu zake. Andika amri ya timedatectl set-local-rtc 1 kwenye terminal ya Ubuntu, inatosha, funga mjadala.

Bakapu iwe nje ya diski hiyo. Kunakili kutoka C kwenda D si bakapu.

Kama Windows imefungwa kwa BitLocker, kufuli lake la kuficha data za diski, tafuta ule ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 leo, uandike kwenye karatasi. Usisubiri kuulizwa.

Kile kipatisheni cha MB 100 hivi kisicho na herufi usikifute kwa kuwa kinakaa bure. Humo ndimo zilimo faili za kuwashia Windows, na mara nyingi za Ubuntu pia.

Patisheni ya Windows ipunguze ukiwa ndani ya Windows. Ya Ubuntu ipunguze ukiwa umewasha kompyuta kwa fleshi yenye Ubuntu, maana haipunguziki ikiwa inatumika.

Sasa umeme. Hapa nitakaa kidogo.

Shemeji yangu wa Tabata ni mpiga picha za harusi. C yake ilijaa, D ina picha GB 260, akaniomba nimegee C nafasi kutoka D. Nikamwambia, "Shemeji, hii kazi ndogo, kesho asubuhi unachukua." Betri ya laptopu yake ilishakufa, ilikuwa inaishi kwa chaja. Nililiona hilo, nikalipuuza.

Nisilolifikiria ni hili: kupunguza patisheni mkiani ni kazi nyepesi, lakini kuisogeza mwanzo wake ni kuhamisha kila kilichomo, kipande kwa kipande. Kwenye diski ya kuzunguka ya zamani, hayo ni masaa. Nikaanza saa nne usiku, mvua ya masika inanyesha. Saa saba hivi friji ikanyamaza, feni ikapunguza mwendo, na kioo cha laptopu kikawa cheusi. Jenereta ya jirani ikaanza kunguruma. Mimi nimekaa gizani na kitambaa cha kufutia jasho.

Umeme uliporudi, Windows iliiona D kama diski tupu, ikauliza kama niifomati. Nashukuru nilibofya hapana. PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizopotea, ilizitoa picha nyingi kwenda diski ya nje, lakini zikaja bila majina wala mafolda, ni f na namba tu. Bibi harusi wa Mbagala kachanganyika na kipaimara cha Kimara na send-off ambayo mwenyewe hajakabidhiwa hata picha moja. Tulizichambua wiki mbili, kwa rangi za sare. Nyingine zilikatika katikati: kichwa cha bwana harusi, chini yake kijivu kitupu.

Kwa hiyo betri iwe nzima na imejaa, au kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, lile boksi la betri linaloishikilia umeme ukikatika. Kama huna, acha kusogeza; futa programu usizotumia, hamisha picha nje, ishi na C ndogo.

Piga picha ya mpangilio wa patisheni kwa simu kabla ya kubofya chochote. Usianze usiku. Waya wa chaja usipite mlangoni, watoto wana miguu. Usibofye ndiyo kwa haraka. Na kama mashine si yako, mwenyewe awepo akikuona ukifanya, tena asiwe shemeji.