Ukialikwa harusi Pemba na wewe uko mbali

Binti ami yangu aliondoka hapa Wete akiwa mdogo, kakulia London. Tulipomwoza mtoto wa kaka yangu, bi mkubwa wetu mwenyewe ndiye aliyempigia simu kumwalika. Akamwambia hina ni usiku wa Ijumaa. Binti ami akakata tiketi ya kumfikisha Ijumaa mchana, akaona ana nafasi ya kuoga na kupumzika.

Kwa bi mkubwa siku huanza jua likitua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe, yaani Alhamisi baada ya Magharibi. Binti ami kaingia ndani saa 9 alasiri na begi lake, akamkuta bi harusi hina ishakauka, ishapukutishwa, mikono ishapakwa mafuta. Tangu mtoto yuko tumboni alikuwa kaahidi hina ile ataipaka yeye. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono akaugeuza huku na huku, akaufuata ua mmoja kwa kidole mpaka kwenye kifundo, machozi yakimtoka. Sisi sote tulinyamaza. Hakukosea mtu pale, ila mimi tangu siku hiyo kila mgeni wetu wa mbali namweleza kabla hajatoa pesa ya nauli.

Kwa hiyo ukipigiwa simu, uliza tarehe na useme kwa kinywa chako: "Alhamisi, tarehe fulani, baada ya Isha, sivyo?" Mpaka uitikiwe. Na saa zetu ni za Kiswahili. Saa 2 usiku kwenye simu yako ni 20:00, na saa 8 mchana ni 14:00. Watoto waliozaliwa Uingereza waandikie kabisa, maana wao wakisikia saa 8 wanaamka asubuhi.

Uliza pia shughuli zipi ni zako. Harusi moja kwetu ina singo, yaani bi harusi kusingwa mwili kwa manukato, ina hina, ina ndoa yenyewe, ina kupa mkono, bwana harusi anapoingia kwa mkewe, kisha ina siku ya ukumbini. Mwanamme kadi yake mara nyingi ni ya ndoa tu. Mwanamke wa karibu anatarajiwa tangu singo, na asipoonekana ataulizwa. Mimi nasema fika siku mbili kabla ya shughuli yako ya kwanza. Ukifika siku ile ile, boti ikichelewa kidogo tu umeshakosa, na waliokualika wataacha jiko wakutafutie gari.

Ramadhani haina harusi. Nyingi hubanana Shaaban na Mfunguo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, na hapo mwezi ndio mwenye amri: Sikukuu ikisogea siku moja, harusi nayo husogea. Chukua tiketi inayobadilika tarehe, hata kama imezidi bei.

Karatasi zisikuchukulie muda. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni asiye Mtanzania anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na hulipwa mtandaoni kabla hujafika. Bima uliyokata kwenu haiingii mahali pake. Kuzaliwa Chake Chake hakukutoi ikiwa pasi yako ni ya nje. Wakenya mnaotoka Mombasa viza hamhitaji, lakini kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiiache, na sindano ichomwe siku 10 kabla ya safari.

Kutoka Unguja kuna ndege ndogo, nusu saa tu mpaka uwanja wa Pemba, karibu na Chake. Tatizo lake ni mizigo, kwani mara nyingi hukuruhusu kilo 15. Wenye masanduku ya zawadi hupanda boti mpaka bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba, kisha gari kupitia Chake mpaka huku Wete. Miezi ya kusi, hasa kuanzia Juni, mkondo wa Nungwi, kati ya Unguja na Pemba, huwa mkali. Kula mkate mkavu, kaa chini upande wa nyuma, beba tangawizi. Na ukiona chombo kimejaa watu mpaka njiani, usipande, hata wakikwambia ndicho cha mwisho. Sisi tuliozika watu wa Spice Islander, meli iliyozama ikija Pemba mwezi wa Septemba 2011, hatusemi hili kwa kutishana. Harusi utahadithiwa.

Pesa zitoe Unguja, na omba noti za 1,000 na 2,000, kwa sababu taarabu ikikolea utataka kutunza, na huwezi kumwomba mwimbaji chenji. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, basi vitu vyako vitie kwenye mfuko wa kitambaa.

Wanaume, kanzu na kofia vinatosha kila mahali. Chakula cha ndoa huliwa kwenye sinia, watu wanne au watano, kwa mkono wa kulia, na kila mtu upande wake. Wanawake, gauni la ukumbini lipambe utakavyo, ila juu yake buibui mpaka mlangoni. Ndani wanawake wamevua mabuibui na mitandio, nywele wazi, wanajua wako wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo simu usiitoe mkobani, hata kumpiga picha mwanao. Picha moja ikitoka nje imemvunjia mtu heshima na pengine nyumba. Wakikuomba uiache mlangoni, iache.

Zawadi, khanga haikosei, lakini soma jina lake, yale maneno yaliyoandikwa, kabla ya kulipa. Mgeni mmoja alimletea mama wa bwana harusi doti nzuri sana, rangi ya zambarau, imeandikwa "Hasidi hana sababu". Yule mama aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara mbili, akasema ahsante. Sijamwona nayo mpaka leo. Chagua yenye dua, na kwa bi harusi tafuta kisutu, ile khanga ya maharusi. Doti usiitenganishe, waache wenyewe waikate na kuipinda.

Wakati wa kurudi utatamani karafuu, hasa zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara. Usinunue kwa mkulima. Karafuu mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, na bandarini hupekuliwa. Chukua halua ya hapa Wete, ikiwa kwenye kikapu chake, uibebe mkononi, isibanwe na masanduku.

Boti ikiwa ya alfajiri, nenda kwa bi mkubwa usiku wake ukamuage. Atakuwa hajalala, na atakuwa na kitu amekifunga kwenye leso kwa ajili yako.