Maiki isiyo na waya ukumbini: namna ya kuifunga na kuiendesha isikatekate

Transmita ya maiki, yaani kifaa kinachorusha sauti hewani, ina nguvu ndogo sana. Iwe ile iliyo ndani ya mpini, au ile ya kiboksi cha kiunoni, kwa kawaida hurusha miliwati 10 hadi 50. Simu ya mgeni aliyekaa meza ya mbele inaweza kurusha hadi miliwati 200 inapohangaika na mtandao wa 4G. Hilo likikaa kichwani, sababu ya hatua zote zilizo hapa chini utaiona mwenyewe: kazi yetu ni kulinda hizo miliwati chache zisipotelee njiani kati ya MC na risiva, yaani kifaa kinachodaka mawimbi hayo.

Namwandikia fundi mitambo anayeanza, wa harusi na sendofu, kanisani, msikitini na kwenye semina. Kama tayari una seti, ruka sehemu ya kwanza.

Kabla ya kununua

Kariakoo utapata seti za kila bei, na muuzaji atakwambia "hii UHF, haina shida". UHF ni jina tu la ukanda mpana wa masafa, kwa hiyo muombe boksi, usome namba za MHz. Kwa ukanda wetu wa dunia, televisheni ya dijitali inakaa kati ya MHz 470 na 694, kila chaneli ikimeza MHz 8. Kuanzia 694 kwenda juu ni eneo la simu. Ndiyo maana seti za zamani za MHz 700 na 800 zinauzwa kwa bei ya kutupa. Dar ilizima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012 na ramani ya UHF ikapangwa upya, kwa hiyo fundi mkongwe akikutajia chaneli "tupu" anayoikumbuka, mshukuru kisha uipime mwenyewe.

Seti yenye masafa mamoja tu yasiyobadilika siipendekezi kwa kazi za kulipwa. Ukumbi wa jirani ukiwa na seti kama yako, huna pa kukimbilia. Zile za GHz 2.4 zinafaa kwa semina ya watu ishirini. Ukumbini zitafanya kazi vizuri saa nane mchana kukiwa kutupu, halafu wageni waingie na simu zao, Wi-Fi za wapiga picha ziwake, uanze kutokwa jasho.

Masafa yote nchini yanasimamiwa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kabla hujamwaga hela kwenye seti ya maana, waulize kama aina hiyo na masafa yake yanaruhusiwa. Wako Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma.

Hatua ya 1: Risiva kwanza, tena iweke mahali pake

Mafundi wengi huweka risiva pale ilipo mikisa, nyuma kabisa ya ukumbi, chini ya meza, imezungukwa na vyuma vya raki. Halafu maiki ikikatika wanalaumu betri.

Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, na maji yanakula mawimbi ya UHF. Wageni mia tatu wakisimama kumpokea bi harusi, kati ya jukwaa na mikisa kunakuwa na ukuta. Kwa hiyo risiva ipeleke pembeni ya jukwaa, kisha vuta waya wa XLR (ule wa maiki wenye plagi ya pini tatu) hadi kwenye mikisa. Sauti ikipita kwenye waya mita thelathini haina neno. Mawimbi kupita katikati ya watu ndiyo kasheshe.

Iweke juu ya kitu, usawa wa kupita vichwa vya watu waliosimama. Kama ina antena mbili, zifungue ziwe kama herufi V, kila moja ikilala nyuzi 45 hivi. Mkono wa MC haukai wima muda wote, na antena zikielekea pande tofauti, moja itadaka pale nyingine inapokosa. Antena zisiguse chuma. Zisiwe nyuma ya skrini ya LED, kwa kuwa skrini hizo zinatoa makelele ya redio ambayo sikio halisikii ila risiva inayasikia vizuri sana. Na MC asisimame amezigusa antena: mpe umbali wa mita tatu au zaidi, maana mawimbi yakizidi ukali nayo yanaichanganya risiva.

Kwenye mikisa, zima umeme wa volti 48 kwa chaneli hiyo, risiva haiuhitaji. Kama nyuma ya risiva kuna swichi ya MIC na LINE, chagua MIC ukitumia XLR.

Hatua ya 2: Tafuta masafa wakati transmita zote zimezimwa

Hapa usifanye haraka. Washa risiva peke yake, transmita zikae kimya. Bonyeza SCAN, iache izunguke hadi mwisho. Kama ni seti isiyo na kitufe hicho, pitia chaneli moja moja ukitazama taa ya RF, inayoonyesha mawimbi yanayoifikia risiva: ikiwaka na transmita yako imezimwa, hapo pana mwenyewe.

Saa ya kufanya hivyo ina maana yake. Kupima asubuhi kunasaidia kujua televisheni ziko wapi, kwa sababu hizo hazihami. Lakini kumbi za Sinza au Kinondoni, ambako jengo moja linaweza kuwa na sherehe mbili usiku mmoja, jirani yako anawasha mitambo saa kumi na mbili jioni. Rudia SCAN muda huo. Mpigie hodi kabisa, muulize anatumia masafa gani. Tunafanya hivyo na hakuna anayekasirika.

Ukiwa na maiki zaidi ya mbili, usizipange kwa hatua zinazolingana. Transmita mbili zikikaribiana zinazaa masafa ya tatu na ya nne ambayo hukuyaomba. Mfano: moja iko MHz 606.000, nyingine 606.400. Chukua ya pili mara mbili utoe ya kwanza, unapata 606.800. Chukua ya kwanza mara mbili utoe ya pili, unapata 605.600. Maiki yako ya tatu ukiiweka 606.800 kwa kuwa "inafuatana vizuri", umeitupa shimoni. Seti nyingi za maana zina makundi yaliyokwisha kupigiwa hesabu hiyo, yameandikwa GROUP. Chagua kundi moja, na maiki zako zote zitoke kwenye kundi hilohilo.

Hatua ya 3: Unganisha transmita

Weka betri mpya, washa transmita, lenga kijicho chake kwenye kijicho cha risiva kwa umbali wa shubiri moja, bonyeza SYNC. Kijicho hicho kinatumia mwanga wa infraredi kama rimoti ya televisheni, kwa hiyo mkono wako usikizibe. Fanya maiki moja, imalize, ndipo uende nyingine. Kisha ziwashe zote pamoja, zima moja, tazama taa ya RF ya risiva yake. Ikiendelea kuwaka, kuna masafa yanayogongana. Rudia kwa kila moja.

Kuhusu betri, nunua alikalaini za kweli au zile za kuchaji za NiMH. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo kipimo cha transmita kinaweza kukuonyesha zimepungua wakati zimejaa; angalia kwenye menyu kama kuna mahali pa kuchagua aina ya betri. Transmita nyingi za AA mbili zinadai saa 6 hadi 10. Mimi nabadilisha kabla ya bwana na bi harusi kuingia, hata kama mistari bado imesimama yote. Ukingoja mpaka taa nyekundu, itawaka katikati ya nasaha za baba mzazi.

Hatua ya 4: GAIN ya kwenye transmita

Wengi hawajui kama ipo. Kabla sauti haijafika kwenye mikisa, transmita yenyewe inaikuza, na GAIN ndiyo inayopanga ikuzwe kiasi gani. Ikiwa juu sana, sauti inapasuka hukohuko, na ukishusha kwenye mikisa unapata mpasuko wa sauti ya chini. Ikiwa chini sana, utapandisha mikisa na kuleta mvumo.

MC akija kupima atasema "cheki, cheki, moja mbili" kwa sauti ya mtu anayeongea na simu. Hicho si kipimo. Mwambie aite kama atakavyoita usiku: "Bi harusi oyeee!" Taa ya PEAK iguse kidogo kwenye ile "oyeee" na isiwake anapoongea kawaida. Hapo acha, usiguse tena. Kiasi kilichobaki kimalizie kwenye mikisa. Mwimbaji wa kwaya na mzee wa ukoo hawawezi kutumia kipimo kimoja. Kama maiki ni moja, pima kwa mwenye sauti kubwa.

Baadhi ya seti za dijitali hazikuhangaishi hapa, maana zinabeba sauti ya chini na ya juu bila kupasuka.

Hatua ya 5: Kumvalisha mtu

Maiki ya mkononi ina sheria mbili tu. Asifunike wavu kwa kiganja, kwa sababu itaanza kupiga miluzi. Na asikamate kitako, maana kwa maiki nyingi antena iko huko chini. Vijana wanaopenda kushika maiki kama wasanii wa jukwaani hufanya yote mawili kwa pamoja.

Maiki ya kifuani inataka subira zaidi. Ibane shubiri moja hivi chini ya kidevu, katikati, isielekee upande mmoja wa kola. Mtu wa suti ni rahisi: kiboksi mkandani, waya ndani ya koti. Sheikh aliyevaa kanzu hana mkanda wa nje. Muombe kwa heshima apitishe mkono mwenyewe: kiboksi kikae mfuko wa nyuma wa suruali ya ndani, waya upande juu chini ya kanzu hadi kwenye ufunguzi wa shingo, maiki ibanwe kwenye ukingo wa kitambaa. Isikae juu ya tarizi, kwani nyuzi zile zikisuguana na maiki kila anapogeuza kichwa, spika zitakwaruza mawaidha yote. Waya uache kitanzi kidogo nyuma ya kibanio, ufungwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ili ukivutwa usivute maiki. Mama mwenye gauni lisilo na mfuko, mpe maiki ya mkononi, umalize.

Antena ya kiboksi ining'inie huru. Ikikunjwa mfukoni au kulala kwenye ngozi yenye jasho, nusu ya kazi ya Hatua ya 1 imekwenda. Na kwa joto letu la Januari jasho ni kweli: kifunge kiboksi kwenye mfuko mdogo wa plastiki wa kuziba, antena na waya vitoke juu.

Hatua ya 6: Tembea

Weka muziki kwa sauti ndogo, mpe msaidizi maiki, azunguke kila atakapofika MC: mlangoni, meza ya keki, nyuma ya nguzo, kwenye meza za nyuma wanakotoka na zawadi. Aisogeze pia nyuma ya mgongo wake, mwili uwe kati ya maiki na risiva. Wewe kaa kwenye risiva utazame taa, usitegemee sikio. Inapozimika sekunde moja sasa, ukumbi ukijaa itazimika tano. Sogeza risiva, usibadilishe masafa kwanza.

Kama kuna kitufe cha SQUELCH, kinachoinyamazisha risiva mawimbi yakiwa hafifu, kiache katikati. Ukikipandisha sana umbali unapungua. Ukikishusha sana utasikia vurugu za redio kila mawimbi ya transmita yanapokatika.

Sherehe ikianza

Transmita haizimwi. Risiva ya analojia humfuata mwenye nguvu kuliko wote kwenye masafa hayo. Yako ikinyamaza, wa pili anaingia, na wageni wako watamsikia MC wa ukumbi wa jirani akiita kamati ambayo siyo yao. Risiva nyingi zina ulinzi wa mlio wa siri unaotumwa na transmita yake tu, lakini za bei nafuu hazina. Tumia MUTE ya kwenye mikisa, na kama swichi ya maiki inaweza kufungwa kwenye menyu, ifunge, kwa sababu MC ataizima bila kujua halafu akutazame wewe.

Umeme ukikatika, risiva inazimika, transmita inaendelea. Jenereta ikiwaka, teremsha kwanza chaneli ya maiki, subiri taa ya RF itulie, ndipo uipandishe. Na maiki moja ya waya iwe imechomekwa, imepimwa, iko juu ya stendi. Usiku wote hakuna atakayeitumia, na kamati itauliza inafanya nini pale. Usiitoe.

Kufunga mizigo

Teremsha mikisa, zima transmita, kisha risiva. Toa betri zote palepale ukumbini. Zikikaa humo zinavuja na kula vyuma, na hewa yetu ya chumvi inasaidia kuharibu. Vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, vitie ndani ya mkoba wa maiki. Wavu ufungue, sponji ya ndani uioshe kwa maji na sabuni kidogo, ikauke usiku kucha kabla ya kuirudisha. Yenye unyevu inaziba sauti kali, na harufu yake MC ataijua kabla yako.