SOMO: Kuzunguka Dar siku moja na rafiki ambaye hampendi vitu vilevile

Wewe unapenda majengo ya zamani, mwenzako roho yake iko sokoni. Wengi hapo hugawana siku: asubuhi yako, jioni yangu. Mimi siipendi njia hiyo, maana kila mmoja anashinda nusu siku akimsindikiza mwenzake huku akitazama saa. Bora mchague sehemu zenye cha kila mtu, mfike pamoja, halafu muachane kidogo palepale. Katikati ya Dar panaruhusu hilo.

Hatua ya 1. Kabla ya kutoka, kila mtu ataje kitu kimoja asichotaka kukikosa na kimoja asichokitaka kabisa. Hicho cha pili ndicho kinachookoa siku. Rafiki yangu wa Tanga ni mtu wa vitenge, na hasomi kibao cha makumbusho hata umlipe. Mimi sitaki kubebeshwa mifuko. Tukishaambiana hivyo, hakuna kununiana.

Hatua ya 2. Saa moja asubuhi muwe Feri, soko la samaki. Mnada wa samaki umechangamka, madalali wanapaza sauti, wakaangaji wako na makarai yao, supu ya pweza ipo. Vaeni viatu vya kufunika, chini kuna maji. Asiyeweza harufu asogee upande wa bahari atazame pantoni za Kigamboni. Tahadhari moja: Ikulu iko jirani, upande huo msipige picha.

Hatua ya 3. Fuateni barabara ya ufukweni hadi kanisa la Azania Front, lile la Kilutheri lenye vigae vyekundu lililojengwa enzi za Wajerumani. Pandeni hadi Barabara ya Samora mkaione sanamu ya Askari. Ni ya shaba, iliwekwa 1927 na Waingereza baada ya kuiondoa ya Mjerumani von Wissmann, na maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Mpenda historia, hapa jizuie. Dakika tano zinatosha. Hotuba baki nayo.

Hatua ya 4. Jua likikaza, ingieni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Raia wanalipa kidogo kuliko wageni, kwa hiyo njooni na vitambulisho. Hapa ndipo nisipokubali kuharakishwa. Kuna habari za Zinjanthropus, fuvu la jamii ya binadamu wa kale ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Kuna magari waliyotumia viongozi wa nchi, na nimeona watu waliokuja wakiburuzwa wakiganda kwenye magari hayo muda mrefu kuliko mimi kwenye fuvu. Kuna pia kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 1998, na kwa mtu wa Dar wa umri wangu hiyo si historia ya mbali. Aliyechoka asivumilie: Bustani ya Mimea iko hapo karibu, akapumzike kivulini. Mkutane getini.

Hatua ya 5. Basi la mwendokasi mpaka kituo cha Fire, halafu ingieni Mtaa wa Msimbazi kwa miguu. Kariakoo sasa ni zamu ya mpenda soko: Mtaa wa Kongo kwa nguo, vitenge mtaelekezwa. Mpenda majengo naye ana lake. Soko kuu lilichorwa na Beda Amuli miaka ya 1970, paa lake ni miavuli ya zege. Liliungua Julai 2021, kisha likakarabatiwa. Simama nje ulitazame vizuri, watu wa Dar tunalipita tu. Kabla ya kuachana chagueni mahali pa kukutania kwa jina, msitegemee simu; kwa kelele zile hutaisikia ikiita. Mikoba iwe mbele.

Hatua ya 6. Ondokeni kabla ya saa kumi, foleni haijafunga. Bajaji hadi kwa wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay, wanaoendeleza mtindo wa Edward Saidi Tingatinga aliyefariki 1972. Mmoja anatazama sanaa, mwingine anapatana bei. Halafu Coco Beach, mihogo ya kukaanga na pilipili, madafu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nani analipa? Mwenzangu akiingia Kariakoo hatoki.
Nauli na chakula changeni asubuhi, pesa ishikwe na mmoja. Manunuzi ni ya mtu binafsi. Na muda wa soko mkubaliane mapema, saa moja na nusu inatosha. Akitaka zaidi, arudi siku nyingine peke yake.

Mimi nasafiri na mama mkwe. Hii inafaa kweli?
Dada, mama usimpeleke Feri asubuhi kule kwenye maji na msukumano. Anzeni makumbusho, kisha Coco Beach. Kariakoo umuulize mwenyewe. Mama zetu wengine wanaijua kuliko sisi. Ila usimwache peke yake, hiyo habari ya kuachana ni ya marafiki.

Ijumaa je?
Inawezekana. Katikati ya mji misikiti ni mingi. Anayeswali aende, mwenzake abaki makumbusho.

Masika tufanyeje?
Kuanzia Machi hadi Mei panga upya. Mvua ikinyesha Kariakoo ni tope. Refusheni makumbusho, mle mahali penye paa, Coco muiache.

Kwa nini msiende kila mtu kivyake mkutane jioni?
Kaka, mkiweza fanyeni. Lakini mgeni wangu alitoka Tanga kuja kuniona mimi. Vitenge hata kwao vipo.