Namna ya Kugawa Kazi za Nyumbani kwa Watoto wa Kike na wa Kiume

Kabla hujagawa kazi yoyote, hesabu kwanza. Tafuta daftari, na kwa muda wa wiki moja andika kila kazi ambayo kila mtoto ameifanya nyumbani na dakika alizozitumia, bila kumweleza mtu yeyote na bila kubadili utaratibu mliouzoea. Wazazi wengi tunasema kwa moyo safi kwamba watoto wetu tunawatendea sawa. Lakini daftari litaonyesha kwamba kijana aliyetumwa dukani mara mbili ametumia nusu saa, wakati dada yake, ambaye hakuna aliyemtuma popote, ametumia saa mbili kuosha vyombo, kudeki, kuchambua mchele na kumbembeleza mdogo wao. Mwaka 2016, UNICEF ilitoa takwimu kwamba duniani kote wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda mwingi zaidi kwa asilimia 40 kuliko wavulana wa rika lao katika kazi za nyumbani zisizo na malipo, pamoja na kuteka maji na kuokota kuni. Kwa wenye miaka 5 hadi 9 tofauti ilikuwa asilimia 30, na kwa wenye miaka 10 hadi 14 ilifika asilimia 50, maana yake pengo huzidi kupanuka wakati uleule masomo yanapozidi kuwa mazito.

Ukishahesabu, sikiliza mnavyozungumza. Mvulana akiosha vyombo tunasema amemsaidia mama. Dada yake akiviosha, hatusemi kitu. Hapo mtoto amekwisha kuelewa kwamba kazi ile ina mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida anajua kama yeye ni wa kike au wa kiume, na anapokuwa na miaka mitano au sita huishikilia mipaka ya kike na kiume kwa ukali kuliko hata wazazi wake, hata akakataa kushika ufagio kwa sababu amesikia shuleni kwamba ni wa wasichana. Usimkemee wala usimcheke, kwa kuwa ukali huo hulegea anapokua, iwapo anayoyaona nyumbani hayauimarishi. Acha neno "kusaidia" na useme "leo ni zamu yako." Ukimshukuru mmoja, mshukuru na mwingine kwa kazi ileile.

Kazi unayompa mtoto iwe nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, isiwe kipande. Kwa mtoto wa miaka 10 au 11, chakula cha mchana cha Jumamosi kinaanza kwa kuangalia kama mchele upo, na kinakwisha sufuria inaporudishwa mahali pake ikiwa safi. Chukua mfano wa nazi. Mkalishe juu ya mbuzi, mwonyeshe jinsi ya kukishika kifuu kwa mikono miwili na kukizungusha taratibu, akune kuanzia ukingoni kwenda ndani, na asilikwaruze ganda, kwa sababu vumbi jeusi la kifuu litaharibu weupe wa tui. Kisha atie maji ya vuguvugu, akamue, achuje, tui zito la mkamuo wa kwanza aliweke kando na tui jepesi alitangulize kwenye mchuzi. Siku ya kwanza atachukua saa nzima, pengine atachubuka kidole, na mchuzi utachelewa. Vumilieni njaa hiyo. Ukimwita dada yake aje amalizie, umeyabomoa yote, kwa sababu wote wawili watajifunza kwamba uzembe wa mmoja hulipwa na mikono ya mwingine.

Binti naye afundishwe kubadili balbu baada ya kuzima umeme, kufunga mtungi wa gesi na kupima kwa povu la sabuni kama unavuja, na kuziba pancha ya baiskeli. Muhimu zaidi, muda uliompunguzia ulindwe uwe wa kusoma na kucheza, maana katika nyumba nyingi saa moja ikipungua jikoni, hutafutiwa mtoto mwingine wa kumbeba mgongoni.

Kijana akidai kwamba kupika ni kazi ya kike, tembea naye mtaani jioni. Anayekaanga chipsi ni kijana wa kiume, dobi anayepiga pasi ni mwanamume, na mara nyingi hata pilau la harusini limepikwa na mwanamume kwenye masufuria makubwa. Muulize kwa nini kazi zilezile zinapoleta pesa mwanamume haoni haya kuzifanya, kisha umwache atafute jibu mwenyewe.

Walio na dada wa kazi wana mtihani mgumu zaidi, nami naona wengi wetu tunauruka. Watoto wanaona kila siku binti mmoja akiamka kabla yao na kulala baada yao, na kwao hiyo ndiyo tafsiri ya kazi za nyumbani: ni za binti ambaye hana wa kumtetea. Weka wazi kazi ambazo dada hazifanyi kabisa, kama vile kutandika vitanda vya watoto, kufua soksi na nguo zao za ndani, na kuondoa sahani walizolia, na umtake dada mwenyewe akatae wakimtuma.

Bibi akija na kusema mwanamume hakai jikoni, usibishane naye mbele ya watoto. Mwamkie, mpishe akae, kisha zungumza naye faragha. Kwa familia za Kiislamu, mkumbushe kwa adabu kwamba Bibi Aisha, mke wa Mtume Muhammad, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Tena Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, inapoeleza wajibu wa mtoto wa kuwasaidia wazazi na wakubwa wake, haisemi huyu ni wa kike na yule ni wa kiume.

Zamu zote ziandikwe kwenye karatasi moja ukutani, na jina la baba liwemo. Baada ya miezi miwili chukua tena lile daftari uhesabu upya, na ukikuta saa za binti hazijapungua, kabla ya kumlaumu kijana angalia kwanza ni zamu ngapi za baba ambazo hazikufanywa.